Kusoma Hukumu ya Cyangugu: Mawakili, Mashahidi na Neno "Ushahidi"

Hukumu ya mahakama si kazi ya fasihi, na huenda baadhi ya wasomaji wa jarida letu wakashangaa kuikuta katika safu hii ya uhakiki. Tumeichagua kwa sababu muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa tafsiri kurasa chache za hukumu ya kesi ya Cyangugu wazitie katika Kiswahili, nao wakakwama mahali ambapo sisi walimu hatukutarajia. Istilahi ngumu waliziweza. Walikwama kwenye maneno ya kila siku: ushahidi, shaka, hatia.

Kwa wasioifahamu kesi yenyewe, ilisikilizwa Arusha katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kuanzia Septemba 2000. Washtakiwa walikuwa watatu: André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi na mawasiliano, Emmanuel Bagambiki, mkuu wa mkoa wa Cyangugu, ambako leo ni Wilaya ya Rusizi na sehemu za jirani, na Luteni Samuel Imanishimwe wa kambi ya Karambo. Tarehe 25 Februari 2004 wawili wa kwanza waliachiwa huru, na Imanishimwe akahukumiwa kifungo cha miaka 27. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kuachiwa kwa wale wawili, na kifungo cha Imanishimwe kikapunguzwa hadi miaka 12.

Msomaji anayeijua Kamembe atauliza: je, mawakili wa utetezi walikana kwamba Watutsi waliuawa? Hapana. Mauaji ya Gashirabwoba na watu waliotolewa katika uwanja wa Kamarampaka wakaenda kuuawa si mambo yaliyoweza kukanushwa. Kazi ya utetezi ilikuwa nyembamba zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo inayostahili kusomwa na watu wa lugha. Walisoma maandishi ya upande wa mashtaka sentensi kwa sentensi na kuuliza: nani, wapi, lini, kwa amri ya nani?

Hati za mashtaka hazikustahimili maswali hayo. Majaji walikuta aya nyingi zimeandikwa kwa ujumla mno, kiasi kwamba mshtakiwa asingeweza kujua hasa anajibu tendo gani. Jambo la Gashirabwoba ndilo linalouma kuliko yote. Mahakama ya kwanza iliwasadiki mashahidi walioeleza jinsi askari walivyowaua watu katika uwanja wa mpira tarehe 12 Aprili 1994, ikamtia Imanishimwe hatiani kama mkuu wao. Katika rufaa hatia hiyo ilifutwa kwa sababu madai hayo hayakuwa yameelezwa ipasavyo katika hati yake ya mashtaka. Shahidi alisema, alisadikiwa, na bado neno lake halikufaa kitu, kwa kuwa mtu mwingine, mwenye kalamu na muda wa kutosha, alikuwa ameandika vibaya. Tumefundisha utungaji miaka mingi bila kuwa na mfano mzito kama huu.

Kuhusu mashahidi wenyewe, utetezi ulikuwa na njia zake. Baadhi yao walikuwa wafungwa nchini Rwanda, wenyewe wakituhumiwa kushiriki mauaji, na wakili hakuchelewa kuuliza wanategemea kupata nini. Majaji walikubali kwamba maneno ya mshirika wa kosa yapokewe kwa tahadhari; hawakusema yatupwe. Njia nyingine, iliyozoeleka katika kesi nyingi za mahakama ile, ilikuwa kulinganisha maelezo aliyoyatoa shahidi kwa wapelelezi na yale aliyoyasema kizimbani. Lakini maelezo ya awali yalitolewa kwa Kinyarwanda, yakapita kwa mkalimani, yakaandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Zikitofautiana habari mbili, kosa ni la shahidi au la mkalimani? Katika kesi ya Akayesu, iliyoamuliwa mwaka 1998, majaji waliliona tatizo hilo, wakamsikiliza mwanaisimu Mathias Ruzindana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, na wakayapa maneno ya kizimbani uzito kuliko maelezo ya karatasini. Ni mara chache mwenzetu wa fani hii kuitwa kwa jambo zito hivyo.

Sasa turudi kwa wanafunzi wetu. Wengi wao waliandika kwamba Bagambiki "aliachiwa kwa kukosekana ushahidi". Tuliwaomba wafikirie mjane aliyesafiri hadi Arusha, akakaa kizimbani akijulikana kwa herufi tu, akajibu maswali ya mawakili, kisha akarudi Cyangugu kusoma kwamba ushahidi haukuwepo. Ushahidi ulikuwepo, yeye mwenyewe aliutoa. Kilichokosekana ni uthibitisho wa kiwango kinachotakiwa. Kiswahili chetu hutumia neno moja kwa yale anayoyasema shahidi na kwa yale yanayomridhisha hakimu, na anayeumia kwa mchanganyiko huo ni shahidi. Vivyo hivyo "hana hatia" si sawa na "hakutiwa hatiani". La kwanza linasifu moyo wa mtu, la pili linaeleza tu kazi ya mahakama ilipoishia.

Baadhi ya wenzetu idarani wanaona tunapekua mno, na kwamba magazeti yataendelea kuandika yanavyoandika. Labda. Lakini tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na hapa Rusizi, ambapo soko na daraja la kwenda Bukavu huwakutanisha watu kila asubuhi, habari za kesi huenda kwa Kiswahili.

Neno "shaka" ndilo lililotushinda sisi sote. "Bila shaka" katika mazungumzo ni "ndiyo" tu. "Pasipo kuacha shaka lolote", tunalolisoma magazetini, linadai zaidi ya sheria yenyewe, kwani sheria haidai kwamba hata shaka la kipuuzi liondoke. Mwanafunzi mmoja anayetoka Bugarama aliandika "shaka la mtu mwenye busara". Tulimpa alama zote, kisha tukabishana mpaka jioni kama mtu mwenye busara aliyenusurika Gashirabwoba angelikuwa na shaka lile lile la jaji.