Alileta au Ataleta? Wakati Ujao katika Madarasa Yetu

Tuchukue mfano wa soko la Owino. Mteja kutoka Bukoba anatafuta viatu vya mitumba vya kupeleka kwao. Muuzaji, ambaye lugha yake ni Kiganda na Kiswahili amejifunza darasani, anamwambia: "Usijali, kaka. Mwenzangu alileta viatu vingi." Mteja anafurahi, anatoa arubuni, kisha anasema: "Haya, nionyeshe." Muuzaji anashangaa. Viatu havijafika, alikusudia kusema kwamba mwenzake ataleta wiki ijayo. Mteja anadai fedha zake na muuzaji anaitwa tapeli. Hakuna aliyesema uongo. Kilichokosewa ni kiambishi kimoja.

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna tunavyofundisha wakati ujao hapa Kampala, na kuonyesha kwamba kosa kama hili hutokana na ufundishaji wetu zaidi kuliko uzembe wa mwanafunzi.

Kwa kawaida mwalimu huchora jedwali la safu tatu: -li- wakati uliopita, -na- wakati uliopo, -ta- wakati ujao. Kisha huleta Kiingereza kiwe daraja: -ta- ni 'will'. Somo limekwisha. Jedwali hilo si la uongo, lakini lina upungufu wa aina mbili.

Kwanza, Kiingereza chenyewe hakina njia moja ya kueleza wakati ujao. Kina 'will', kina 'going to', na hutumia hata wakati uliopo kwa ratiba na mipango iliyokwisha kuwekwa. Mwanafunzi aliyesumbuliwa na tofauti hizo tangu shule ya msingi hutafuta kifani cha kila moja katika Kiswahili. Matokeo yake huandika "ninaenda kununua suruali" akitaka kueleza nia tu, hali msomaji anaelewa kwamba yuko njiani kuelekea dukani. Angetosheka na "nitanunua" au "nakusudia kununua".

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, jedwali linasahau Kiganda. Kiganda hugawa wakati ujao sehemu mbili: -naa- kwa ujao wa karibu, hasa wa leo, na -li- kwa ujao wa mbali. Tazama kitenzi 'soma', ambacho kimo katika lugha zote mbili:

Anaasoma: kwa Kiganda, atasoma leo. Kwa Kiswahili, anasoma ni sasa hivi.

Alisoma: kwa Kiganda, atasoma siku zijazo. Kwa Kiswahili, alisoma imekwisha kupita.

Mwanafunzi wetu basi haanzi na ubao mtupu. Viambishi viwili kati ya vile vitatu vya jedwali tayari anavyo kichwani, na vyote viwili kwake ni vya wakati ujao. Muuzaji wa mfano wetu alikuwa na "alireeta" ya Kiganda mawazoni. Ulimi ukatoa "alileta" ya Kiswahili. Kumwambia kwamba -ta- ni 'will' hakumsaidii, kwa kuwa mkanganyiko wake haukutoka katika Kiingereza.

Vifaa vya kulinganisha tunavyo. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1944, alishirikiana na Mulira, Ndawula na Tucker kutoa sarufi ya Kiganda mwaka 1954. Zaidi ya miaka 70 imepita, nasi bado tunazifundisha lugha hizi kama kwamba hazijuani.

Wapo watakaosema kwamba si kila mwanafunzi wa Kampala ni Mganda. Ni kweli, wamo Waacholi, Waiteso na wengine. Lakini wengi wao hutumia Kiganda sokoni na mitaani kila siku. Tena, hoja hiyo inatutaka tuulize lugha ya kila mwanafunzi. Haituruhusu kukimbilia Kiingereza.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, siku ya kwanza ya -ta-, mwalimu aandike anaasoma na alisoma ubaoni na kuwaachia wanafunzi wenyewe waeleze hatari. Pili, -ta- ifundishwe pamoja na maneno ya wakati: leo jioni, kesho, keshokutwa, mtondo, mwakani. Umbali ambao Kiganda hubebesha kiambishi, Kiswahili hubebesha maneno haya. Tatu, tusiishie kwenye "ataleta". Tufike kwenye "hataleta", "atakayeleta", na "saa nne atakuwa amefungua kibanda". Katika huu wa mwisho Kiingereza kinafaa kweli, kwani 'will have' hulingana nao vizuri.

Zoezi la kumalizia liko katika jina rasmi la soko lenyewe, Mtakatifu Balikuddembe. Waulizwe wanafunzi: -li- ya "bali ku ddembe", yaani "wako huru", ni ya wakati gani? Si ya ujao wala si ya uliopita. Ni kitenzi cha kuwa. Atakayeling'amua hilo hatakariri tena jedwali bila kufikiri.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa shule hizo ndio hawa tunaowafundisha. Tukiwapa jedwali bovu, watalipeleka nchi nzima.