Adadi ya 428,000,000: Makaa ya Mchuchuma katika Mizani ya Hesabu

Kila yanapozungumzwa makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, ambayo mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilifunga mkataba wa kuyachimba kwa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, hutajwa adadi moja, tani milioni 428. Na kwa kuwa hunenwa kwa yakini kubwa, yafaa tuichambue kwa kanuni za hesabu, ili ibainike lipi ndani yake lina asili ya ardhi na lipi lina asili ya kalamu.

Tuigawe kwanza kwa 2, na ambacho hutoka tukigawe tena, hata baada ya mara 8 tufikie 1,671,875, ambayo ni witiri. Kisha tuigawe kwa 5 mara 6, nasi tutabakiwa na 107. Hii ni namba tasa, kwani kwa kuwa 11 mara 11 ni 121, yatosha kuijaribu kwa 2, 3, 5 na 7, wala hapana hata moja iigawayo pasi na baki.

Sasa, kila kigawo cha adadi yetu huundwa kwa kuchagua idadi ya 2, tangu sifuri hadi 8, ndizo njia 9. Idadi ya 5, njia 7. Na kuitia au kuiacha 107, njia 2. Zidisha: vigawo 126.

Ajuaye kuwa chuma cha Liganga, katika wilaya iyo hiyo, hukadiriwa kuwa tani milioni 126, yamkini atastaajabu. Hiyo ni sadfa tupu, na dalili yake ni bayana: pima makaa yale yale kwa kilo, na adadi itakuwa na vigawo 240, ilhali mlimani halikuongezeka hata jiwe moja.

Fauka ya hayo, 2 sita na 5 sita zimeletwa na sifuri sita za mwisho, yaani na desturi ya kukadiria katika milioni iliyo karibu. Ongeza tani moja tu: 428,000,001 haigawanyiki kwa 2, wala 5, wala 107, bali hugawanyika kwa 3, kwa maana jumla ya tarakimu zake ni 15. Nao wapimao makaa, ambao hutoboa visima vya uchunguzi, wakazidisha unene wa tabaka kwa eneo na kwa msongamano, hawawezi kudai usahihi wa tani moja.

Basi sifa ipi yastahili kuaminiwa? Ni ile isiyotikisika adadi itikisikapo. Hata kila kadirio likikosea kwa nusu milioni, juu au chini, uwiano wa makaa ya Mchuchuma kwa chuma cha Liganga hubaki takribani 3.4, na juu ya sifa za namna hiyo, wala si juu ya sifuri zinazopendeza macho, ndipo mpangaji wa reli, wa mtambo wa umeme au wa tanuri la chuma anapaswa kujenga hesabu zake.