Aliyetumwa kufungua laha tusimwite mdukuzi

Mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia simu juma lililopita, sauti imemkauka. "Mwalimu, nimeandikiwa barua nijieleze. Eti nimedukua kompyuta ya ofisi." Nikamwambia anisomee barua hiyo polepole, neno kwa neno.

Kisa chenyewe ni kifupi. Karani aliyekuwa akiandaa malipo ya vibarua alistaafu, akaacha lahajedwali la Excel ambalo kila mtu pale ofisini aliweza kulifungua na kulisoma. Ila ukigusa tarakimu yoyote ili uibadilishe, linadai nywila. Karani mwenyewe akipigiwa simu hapatikani. Mwisho wa mwezi ukawadia, vibarua wako nje wanangoja chao. Mkubwa wa kijana huyu akamwambia mbele ya watu, "Si wewe ndiye mtu wa kompyuta hapa? Tafuta njia." Akaitafuta, akaipata, watu wakalipwa. Wiki mbili baadaye, barua.

Shirika hilo limeamua kuandika nyaraka zake kwa Kiswahili, jambo ambalo siku nyingine ningelipongeza. Lakini sentensi iliyobeba shtaka ilikuwa hii: "Ulidukua mfumo wa malipo kwa kuvunja nywila bila ufikiaji ulioidhinishwa." Sarufi yake haina doa. Tatizo ni kwamba karibu kila neno lake linamsingizia mtu.

Tuanze na "kudukua". Kabla ya kompyuta kuja, mdukuzi alikuwa mtu wa kutega sikio kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Magazeti, na hili letu likiwemo, yakalichukua neno hilo kuwataja wezi wa mitandaoni, na limewakaa vizuri kwa sababu lilikuja na ile hila yake ya zamani. Sasa basi, mtu aliyetumwa na mkubwa wake mchana kweupe, mlango wa ofisi wazi, amedukua nini? Si ubishi wa wapenda kamusi huu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inampa anayeingia bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Neno likishaandikwa kwenye faili ya mfanyakazi halifutiki kwa kuomba radhi.

Nalo "kuvunja nywila"? Hapa lawama ni yetu sisi tunaobuni istilahi. Excel ina nywila za aina mbili zisizofanana hata kidogo. Moja huzuia faili yenyewe isifunguke. Ukiiweka, yaliyomo yote hufumbwa kwa hesabu nzito, na ukiisahau Microsoft yenyewe inakuambia haiwezi kukurudishia. Nyingine huzuia tu laha isihaririwe. Faili ya sasa ya Excel kwa kweli ni furushi la faili ndogo ndogo za maandishi zilizobanwa pamoja. Ukilifungua furushi hilo na kufuta kipande kimoja kinachosema laha imelindwa, kizuizi kimekwisha, na nywila ya karani hujaijua wala hujaivunja. Microsoft haiiti hiyo kinga ya usalama. Iliwekwa ili mtu asiharibu fomula kwa bahati mbaya.

Mwenye nyumba ya Kiswahili anajua kwamba komeo si kufuli. Komeo huzuia mbuzi na upepo, kufuli huzuia mwizi. Sisi tumeyaita yote mawili nywila (wengine nenosiri, na ugomvi huo wa majina mawili sitauingilia leo), tukasema yote mawili "yamelinda" faili. Kwa nini tusiseme nywila ya kufungua na nywila ya kuhariri? Hata yule mwandishi wa barua angelazimika kuuliza ni ipi.

Kuhusu "ufikiaji ulioidhinishwa", hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovalishwa kanzu. "Bila ruhusa" ingetosha, na huenda ingemfanya aliyeandika ashtuke, maana ruhusa ilikuwepo na waliosikia ikitolewa wapo. Lugha nzito humsaidia mtu asione anachokisema. Na "mfumo wa malipo" ni faili moja tu, jamani! Hilo "lahajedwali" lenyewe nalo lina walakini wake. Mara ya kwanza kulisikia nilidhani ni jedwali la lahaja za Kiswahili.

Najua nitajibiwa kwamba maneno hupanuka, na kwamba vijana siku hizi husema "nimehaki" hata anapokumbuka nywila ya simu yake mwenyewe. Sawa, mtaani waseme. Mtaani hakuna barua ya kujieleza. Anayeandika kwa niaba ya mwajiri hana uhuru huo, hasa akiwa na "alifungua", "aliondoa kizuizi" na "alirejesha" mkononi.

Jibu tumeliandika pamoja kwa ukurasa mmoja. Linasema: niliondoa kizuizi cha kuhariri kwenye laha ya malipo, kwa agizo la mkubwa wangu, na nakala ya faili ya awali ipo kama karani alivyoiacha. Sikumwachia aandike "sikudukua". Kamati inakutana Jumatano.