Kichwani mwa gita: jinsi ya kuipima nembo ya fundi

Nembo haitoi sauti. Ikwanguliwe kichwani mwa gita, nyuzi zitalia vilevile. Ndiyo maana wanunuzi wengi huisoma mara moja, wakajua jina, kisha mkono ukashuka kwenye nyuzi. Mimi huanza na nembo, na huiangalia kwa muda. Kwingine kote gita lenyewe humlazimisha fundi awe makini: ubao wa juu ukiachwa mnene mno, gita linakuwa bubu, shingo ikipinda, nyuzi zinakwaruza freti. Kwenye nembo hakuna kinachomlazimisha. Alichofanya pale ndivyo alivyo kazini.

Kabla ya kuuliza kama imetiwa vizuri, uliza kama ilihitajika. Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyefariki 1892 na ambaye magita ya kihispania hadi leo yanafuata vipimo vyake, jina lake liko ndani, kwenye karatasi iliyogandishwa mkabala na tundu la sauti. Kichwani aliacha umbo tu, matao matatu, na wajuzi hulitambua wakiwa mbali. Mafundi wengi wa magita ya klasiki bado wanafuata mwendo huo. Kampuni ya magita ya Martin nayo, iliyohama New York kwenda Nazareth, Pennsylvania, mwishoni mwa miaka ya 1830, kwa miongo mingi ilitia jina kwa muhuri tu, tena muhuri wenyewe uliendelea kusema New York mpaka 1898. Stika ya herufi za dhahabu ilikuja kichwani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Miaka hiyohiyo, 1933, mwimbaji Gene Autry aliagiza kwa Martin gita la kwanza la aina ya D-45, na jina lake yeye mteja likalala kwa herufi kubwa za gamba kwenye ubao wa vidole. Kwa jukwaa lilifaa. Kwa gita la sebuleni ni makelele.

Stika, basi. Usiidharau, magita ya Fender yamevaa stika tangu mwanzo na hakuna anayeyaita ya ovyo. Tatizo ni namna inavyotiwa. Inama na tochi ya simu, mwanga upite ubavuni. Ukiona mpaka wa ngozi nyembamba inayobeba herufi, au ukucha ukikwama pembeni yake, fundi hakuifunika kwa vanishi ya kutosha na kuipiga msasa mpaka ikazama. Ukungu wa rangi ya fedha chini ya herufi ni hewa iliyonaswa, hautoki tena. Na dhahabu inayoonekana kama haradali imetoka kwenye printa ya ofisini, ambayo haina wino wa dhahabu wala mweupe. Jambo jingine: stika ya jina kubwa hununuliwa na yeyote, kwa hiyo haithibitishi lolote. Kuhusu nembo za kuchomwa kwa leza, nina neno moja tu: tazama kingo. Zikiwa na masizi ya hudhurungi yaliyoingia kwenye nyuzi za mti, mashine iliachwa iunguze pasipo kujaribiwa kwanza kwenye kipande cha mti uleule.

Sasa njumu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Aliyewahi kuinamia kiti cha enzi cha Lamu, akatazama vipande vya mfupa na pembe vilivyopachikwa kwenye mti mweusi, tayari ana jicho linalohitajika hapa. Kwenye gita, herufi hukatwa kwa msumeno wa sonara kutoka kwenye gamba la chaza lenye unene wa milimita moja na nusu hivi. Mchoro wake hukwaruzwa juu ya mti, shimo huchimbwa kwa ncha ndogo ya kuzunguka, herufi hupachikwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mti uleule, kisha vyote hupigwa msasa vikawa usawa mmoja.

Unga huo ndio mficha siri. Juu ya mpingo au mti mwingine mweusi, pengo la nusu milimita likijazwa epoksi nyeusi halionekani ukitazama kwa mbele. Geuza kichwa polepole chini ya taa. Mti una vinyweleo na mistari; kijazio hakina, nacho humeta kwa namna nyingine. Utaona herufi ikizungukwa na wanja. Wanja mwembamba na ulio sawa pande zote huvumilika. Ule unaonenepa kwenye kona na kupotea kwingine unaonyesha mkono uliochoka. Ukiweza, omba kuona njumu ya fundi huyohuyo kwenye mti mweupe, mathalani mepo. Hapo hakuna pa kujificha, na mafundi wengine watakuambia hawana kazi ya namna hiyo karibu.

Halafu kona za ndani: mahali mikono ya K inapokutana, bonde la M. Ncha inayozunguka huacha duara, haiwezi kufanya vinginevyo. Fundi asiyejali huliviringisha gamba nalo lifanane na shimo, na K yako inakuwa kama imetengenezwa kwa sabuni. Anayejali humalizia kona kwa kisu.

Gamba lenyewe lina mwelekeo. Herufi za jina moja zinapaswa kuwaka na kuzimika pamoja unapogeuza gita. Tano ziking'aa na moja ikabaki chokaa, vipande havikuchaguliwa, vilichukuliwa tu. Paua wa New Zealand, mwenye buluu na kijani, hupendeza kwa maua na mapambo, ila kwa herufi nyembamba rangi zake hulivunja jina lisisomeke. Siku hizi pia kuna karatasi za gamba zilizoundwa kwa tabaka nyembamba zilizogandishwa. Si mbaya, ila ziangalie: mawimbi yakijirudia herufi hadi herufi, ni hizo.

Kidole pia kina kazi. Mti husinyaa wakati wa kiangazi na gamba halisinyai, hivyo kwenye gita la zamani utahisi herufi imeinuka kidogo chini ya vanishi. Huo ni umri. Kwenye gita jipya ni mti uliotumika kabla haujakauka, na hapo hofu yako ihamie shingoni.

Lakini siku hizi kuna maduka yanayokata gamba na shimo lake kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na vikaingiana bila mwanya. Ukamilifu wa pengo peke yake haumpimi tena fundi. Kilichobaki kumpima ni uamuzi wake: nembo imekaa wapi, ina ukubwa gani, inazungumzaje na funguo na nyuzi zinazopita juu yake. Gita bila nyuzi hudanganya. Jina lililokaa vizuri mezani hukatwa vipande na nyuzi sita zikishakazwa. Nafasi kati ya herufi ipimwe kwa jicho, si kwa rula, maana A na V zikipewa nafasi sawa na M na N zitaonekana zimetengana. Na umbo la kichwa liwe lake. Mwaka 1977 wamiliki wa kampuni ya magita ya Gibson waliwashtaki waagizaji wa magita ya Ibanez nchini Marekani kwa kuiga umbo la kichwa, ingawa jina lilikuwa tofauti. Fundi anayetia nembo yake nzuri kwenye kichwa cha mwenzake amebandika bango kwenye nyumba ya jirani.

Ukiagiza nembo yako mwenyewe, leta mchoro wa ukubwa halisi, uukate kwenye karatasi na kuubandika kichwani nyuzi zikiwa zimekazwa, uache siku chache. Mistari iliyo chini ya milimita moja usiidai kwa gamba, litavunjika. Waya wa shaba au fedha unafaa zaidi. Pembe za ndovu zikatae: zimefungiwa biashara ya kimataifa tangu 1990, na gita lenye kipande chake laweza kukwama mpakani. Chungulia pia karakana: vumbi la gamba huharibu mapafu, na fundi mzoefu hukata akiwa na barakoa au gamba likiwa limelowa. Akikuahidi njumu ya herufi kumi kesho asubuhi, muulize nani ameikata. Kununua iliyokatwa si kosa, ila usilipie kama kazi ya mkono.