Chombo cha Kusia Kaktasi Penye Mvua ya Mwaka Mzima

Kaktasi karibu zote asili yake ni mabara ya Amerika. Barani Afrika ipo moja tu ya asili, Rhipsalis baccifera, nayo wala si ya jangwani. Inaishi juu ya matawi ya miti mikubwa katika misitu ya mvua, ya Kongo ikiwemo, ikining'iniza mashina membamba ya kijani yasiyo na jani hata moja. Matunda yake ni meupe, ya milimita chache tu. Ndege huyala, na mbegu zake zenye utomvu unaonata hubaki zimegandia gome la mti. Huko ndiko mche unakoanzia maisha: kwenye panda ya tawi, juu ya gome lenye nyufa na majani kidogo yaliyooza. Mvua kubwa inaupiga, na muda mfupi baadaye maji yote yameshatiririka kwenda zake. Anayetaka kusia kaktasi Wagenia hana mwalimu bora kuliko mmea huo.

Wagenia ndipo mto Kongo unapomaliza poromoko la mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, mlangoni mwa Kisangani, pale wavuvi wanaposimika magogo katikati ya miamba na kufunga migono yao mikubwa. Ikweta iko kama kilomita 55 tu kusini. Mvua hupita milimita 1,600 kwa mwaka na hakuna mwezi unaokauka kabisa. Joto la wastani ni nyuzi 25 hivi, na mbegu nyingi za kaktasi huota vizuri kati ya nyuzi 20 na 30. Kwa hiyo kile kinachowagharimu wakuzaji wa Ulaya, mikeka ya umeme ya kupasha udongo moto, hapa tunakipata bure. Kinachopungua kwetu ni hewa ndani ya udongo. Ushauri mwingi wa vitabu kuhusu trei na vyungu umeandikwa na watu wanaopambana na baridi na ukavu wa hewa ya ndani ya nyumba, na ukiufuata neno kwa neno kando ya mto huu, miche itaoza.

Chukua ushauri wa trei fupi. Hoja yake inaeleweka: mbegu nyingi za kaktasi hazizidi milimita moja, husiwa juu ya udongo bila kufukiwa kwa kuwa zinahitaji mwanga, na mizizi ya mwanzo haizami. Trei ya kimo cha sentimita 4 au 5 inaonekana inatosha. Lakini fanya jaribio hili jikoni. Chukua sponji ndefu ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Maji yanaanza kutoka upya. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kimo.

Udongo nao uko hivyo. Baada ya kumwagilia, tabaka la chini juu ya matundu hubaki limejaa maji kabisa, yakishikiliwa na nafasi ndogo zilizo kati ya chembe. Unene wa tabaka hilo huamuliwa na ukubwa wa chembe, wala si kimo cha chombo. Tuseme kwa udongo fulani ni sentimita 3. Katika trei ya sentimita 4 inabaki sentimita moja tu yenye hewa, tena ndiyo hiyo mbegu zilipolala. Katika chungu cha sentimita 8 zinabaki 5. Penye hewa kavu tofauti hii haiumizi sana, maana maji yanayobaki hukauka upesi. Penye hewa iliyojaa unyevu usiku na asubuhi, yanakaa.

Hapo hapo linaanguka kosa linalorudiwa kila mahali: kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye kokoto. Husubiri juu yake mpaka udongo ujae. Tabaka lile la maji linapanda, na umejipunguzia kimo kwa mkono wako. Kama una kokoto nzuri, zipondeponde zichanganyike na udongo wote. Mchanga wa mto uoshwe mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu tope lililomo ndilo linaloziba nafasi za hewa.

Je, basi tuchukue chombo kirefu kabisa? Mkoani kwetu Tshopo jibu la haraka huwa ni kiriba, yaani mfuko mrefu wa plastiki wa kitaluni, na historia yake inaheshimika. Yangambi, kilomita kama 100 kutoka Kisangani ukifuata mto, ilikuwa kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, na leo ni ya INERA. Ndipo Beirnaert na Vanderweyen walipoeleza, mwaka 1941, jinsi unene wa ganda la mbegu ya mchikichi unavyorithiwa, kazi iliyofungua njia ya tenera, mchikichi wa ganda jembamba unaopandwa duniani kote. Michikichi na kahawa ndiyo iliyotufundisha kitalu, na kwa miche hiyo kiriba kirefu ni sawasawa: mizizi inashuka kwa kasi na kuyanywa maji yote. Lakini mche wa kaktasi ya Mammillaria wa miezi mitatu ni kitone cha kijani chenye mizizi michache. Ukiuweka juu ya sentimita 20 za udongo, maji ya chini hayana wa kuyanywa. Yanalala humo kwa majuma, na ukungu unayapenda.

Kipimo ninachokipendelea, basi, ni kimo cha sentimita 7 au 8 na upana wa 5 au 6, chombo kimoja kwa kila aina ya mbegu. Trei kubwa iwe ya kubebea vyombo hivyo tu. Sababu ni ya kiafya. Pythium, mojawapo ya vimelea vinavyoangusha miche kwa kuilainisha shingoni, hutoa vijimbegu vinavyoogelea. Trei moja iliyosiwa aina kumi ni bwawa moja: ukiona doa pembeni asubuhi, jioni huna uhakika na kona yoyote. Vyombo vilivyotengana hukupa nafasi ya kukitoa kimoja na kuokoa vingine. Ndiyo maana pia siachi vyungu vikae pamoja kwenye maji ya trei isiyo na matundu. Kila kimoja nakilowesha kwa chini katika bakuli lake, nakiacha kichuruzike, ndipo nakirudisha.

Kuhusu malighafi, plastiki ngumu inashinda kwenye miezi ya mwanzo. Ni rahisi kuosha kwa javeli, haina vinyweleo vya kuficha ukungu, na vikombe vya mtindi vinafaa kama vile vya dukani. Matundu nayatoboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa, mengi yakiwa ukingoni mwa kitako na mawili matatu ubavuni, juu kidogo ya kitako. Vikombe vinavyopenyeza mwanga huota mwani kando ya ukuta; vizungushie karatasi nyeusi.

Mkebe wa nyanya nao unafaa, na kutu ya msimu mmoja haiui mche. Ila angalia unavyoutoboa. Watu wengi huugeuza na kupiga msumari kutoka nje kwenda ndani. Bati linajikunja kuelekea juu na kuacha mdomo kuzunguka kila tundu, na maji yasiyofika kimo cha mdomo huo hayatoki kamwe. Piga kutoka ndani kwenda nje, mkebe ukiwa umesimama juu ya ubao, ili mdomo uelekee chini. Kisha uweke mbali na jua la saa saba, kwa kuwa bati hupata moto haraka.

Chungu cha udongo kinasifiwa kwamba kinapumua. Kinapumua kweli pale hewa inapoyanyonya maji kwenye kuta zake. Hapa ukuta wenyewe hubaki mbichi na kuota kuvu na mwani. Nakiweka kwa miche mikubwa, ambayo uzito wa chungu unaisaidia isianguke.

Kifuniko kinahitaji hadhari. Njia ya kufunga chungu ndani ya mfuko unaopenyeza mwanga, kwa miezi kadhaa, inafanya kazi hata Kisangani iwapo udongo umepikwa kwa mvuke na chombo kimesafishwa, kwani hakuna kimelea ndani. Usipopika udongo, unafungia ugonjwa na mche pamoja. Mfuko ukae kivulini penye mwanga, maana juani ndani yake huchemka. Miiba ya kwanza ikionekana, fungua kidogo kidogo. Baada ya hapo kinachotakiwa ni paa la plastiki angavu lililo wazi pande zote, kwa sababu tone moja la mvua ya huku linang'oa miche yote ya kikombe.

Usiharakishe kuitenganisha. Miche ya kaktasi inakua vizuri ikiwa pamoja, na huvumilia chombo kile kile miezi 6 hadi 12, mpaka igusane. Ikihamishwa, chungu kipya kizidi upana wa mmea kwa sentimita moja au mbili tu. Kwa zile zinazopenda miti, Rhipsalis na pia pitaya, ambayo mbegu zake unazikamua kwenye tunda lenyewe, chungu si lazima. Kikapu kidogo cha kekele, mtambaazi uleule unaosukiwa viti mjini, kitandikwe kuvumwani ndani, kijazwe vipande vya gome na makaa yaliyovunjwa ukubwa wa punje ya mahindi, kisha kining'inizwe barazani upande usiopigwa na mvua moja kwa moja. Kekele itaoza baada ya muda. Ikianza kulegea, usiung'oe mmea: mizizi imeshashika kuta, kwa hiyo kiweke kikapu kizima ndani ya kingine kipya kikubwa kidogo.