Profesa Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Mwaka jana mteja mmoja, mhadhiri wa sayansi ya kompyuta katika chuo ambacho sitakitaja, alinitumia makala yake nimsafishie lugha. Kazi yangu ndiyo hiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo nala kwa kuandikia watu. Makala ilikuwa sawa tu. Ila alitaka niongeze kwenye marejeleo kazi zake sita za zamani. Nikamuuliza niziweke wapi, maana hazikuhusiana na mada. Akajibu, "Tafuta mahali, ndugu yangu. Popote." Nikatafuta. "Kama ilivyoonyeshwa na" hapa, "taz. pia" pale. Akalipa siku hiyo hiyo, na wanaofanya kazi hii wanajua hilo ni jambo la nadra.

Usiku nilifungua ukurasa wake wa Google Scholar nikausoma kama ninavyosoma kitabu ninachotakiwa kukihakiki. Jina, picha, grafu ya vijiti, na pembeni namba: mara alizonukuliwa, kisha kile kipimo cha h. Kipimo hiki kilibuniwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California. Ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi, h yako ni 10. Hirsch hakuwa mjinga. Alitaka kumzuia mtu wa makala moja iliyovuma asimfunike anayefanya kazi miaka yote, na pia kumzuia anayetoa makala mia ambazo hakuna anayezisoma. Kama ubunifu, ni safi. Kama maandishi, ukurasa ule ni wasifu usio na kitenzi hata kimoja. Huoni mtu aliuliza nini, alikosea wapi, alibadilisha mawazo lini.

Na wasifu wa aina hiyo hauhitaji hata mtu. Ndiyo maana nampenda sana Ike Antkare. Mnamo 2010, Cyril Labbé, mtafiti wa sayansi ya kompyuta huko Grenoble, Ufaransa, alieleza jinsi alivyomuumba. Alichukua SCIgen, programu iliyotengenezwa 2005 na wanafunzi wa MIT, ambayo hutunga makala za kompyuta zenye grafu, istilahi na marejeleo lakini zisizo na maana yoyote. Akatoa makala mia moja, kila moja ikizinukuu zenzake zote, akaziacha intaneti izikute. Google Scholar ikazimeza. Antkare akafikia h ya 94, akamwacha Einstein nyuma. Ukitamka jina lake kwa Kiingereza, unasikia mtu akikwambia hajali.

Mimi naisoma kazi hii kama hadithi fupi, na kama hadithi ni tamu. Mhusika hana mama, hana ofisi, hana mwanafunzi hata mmoja, lakini ana sifa. Makala zake mia ni kama majirani wa ploti moja wanaodhaminiana kwenye chama: karatasi zote ziko sawa, pesa hakuna. Na si utani uliobaki maabarani. Mwaka 2014, baada ya Labbé huyo huyo kuzifichua, Springer na IEEE waliondoa zaidi ya makala 120 za aina hiyo, nyingi zikiwa zimetoka kwenye makongamano. Wanasayansi wa kompyuta huyathamini makongamano kuliko wenzao wa fani nyingi, kwa hivyo aibu iligonga ukumbini kwao.

Lakini nina neno. Kejeli ya Labbé inaicheka mashine, na mashine haina haya. Anayeitisha namba anabaki kwenye kiti chake. Hapa Kenya, vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 vilihesabu machapisho kwa pointi ili mtu apandishwe cheo. Mteja wangu hakuzaliwa akitaka kujinukuu mara sita. Kuna fomu mahali fulani inayomsubiri, na mtu wa kuipiga muhuri. Huyo mtu hayumo katika hadithi ya Antkare, nami namkosa.

Anayenisaidia zaidi ni Karen Spärck Jones wa Cambridge. Katika makala yake ya 1972 alionyesha kwamba neno linalopatikana katika kila hati halikusaidii kutafuta kitu, ilhali neno linalopatikana katika hati chache lina uzito. Ukitafuta "bei ya muguka", "ya" haikupeleki popote. "Muguka" ndiyo inayokufikisha. Mitambo ya kutafuta habari iliegemea wazo hilo kwa miongo. Yeye mwenyewe alipata uprofesa 1999, akiwa na miaka sitini na kitu, baada ya miaka mingi ya kuishi kwa mikataba ya utafiti. Wazo lenyewe limezoeleka hivi kwamba wengi hulitumia bila kumtaja, kama watu wanavyotaja methali bila kuuliza nani aliitunga. Kwa hiyo kadiri alivyoingia ndani ya kazi za watu, ndivyo namba zilivyoweza kumkosa.

Sasa chukua kanuni yake uishushe kwenye marejeleo. "Kama ilivyoonyeshwa na" zangu sita ni akina "ya". Ziko kila mahali na hazimpeleki msomaji kokote. Aliyefundisha mashine kupima uzito wa maneno alituachia chombo, halafu sisi kwa wasomi tukaendelea kuhesabu vichwa tu.

Juzi jamaa amerudi. Ana makala mpya, na safari hii marejeleo anayotaka niyapenyeze ni kumi na moja. Nane ni yake, matatu ya rafiki yake ambaye, ameniambia bila wasiwasi, atamrudishia. Ujumbe una tiki mbili za buluu. Sijamjibu, na kodi ni tarehe tano.