Kichocheo na Mshenga: Tahakiki ya Istilahi Moja ya Kemia

Istilahi ya sayansi haipimwi kwa wepesi wa kutamkika tu. Hupimwa pia kwa picha inayoiacha akilini mwa msomaji. Neno "kichocheo", ambalo tumelizoea kwa maana ya kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuliwa, hapana budi lipimwe kwa mizani hiyo.

Tuchukue Samburu, si ile ya kaskazini bali mji mdogo wa Kwale ulio kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi, katika nchi ya Waduruma. Huko, kama kwingineko, kuchochea ni kusukuma kuni mafigani. Moto huwaka zaidi, lakini kuni huliwa, nao moto haujali chunguni mna nini. Mwanafunzi aliyekulia hapo atadhani kichocheo ni aina ya kuni. Tena wako wanaoziita homoni kwa neno hilohilo, na mfitini naye ni mchochezi!

Upungufu huu hudhihirika tukiutazama upupu, ambao watoto wa pwani huujua kwa ngozi zao. Nywele za maganda yake zina kimeng'enya kiitwacho mukunaini, kinachokata protini na kuleta mwasho. (Jina "kimeng'enya" linakifaa barabara, haliwi jema hivyo kwa vile ambavyo kazi yao ni kuunganisha.) Ndani ya mbegu mna levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Molekuli hiyo ina sura mbili, kama mikono ya mtu, na mmea huunda ya kushoto tu. Njia za kawaida za maabara zilitoa nusu kwa nusu, na ile ya kulia haimfai mgonjwa. William Knowles wa kampuni ya Monsanto, Marekani, aliifunga metali ya rodiamu kwenye molekuli zenye mkono mmoja, akapata karibu yote ya kushoto. Kazi hiyo, aliyoianza mwaka 1968, ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2001.

Je, rodiamu ile ilichochea? Iliharakisha, naam, lakini thamani yake yote ilikuwa katika kuchagua. Anayefanana nayo ni mshenga, ambaye huzikutanisha pande mbili, hujua nani anamfaa nani, na ndoa ikisha kufungwa haingii nyumbani humo bali huenda kuposa kwingine. Wajapani waliliona jambo hili: neno lao "shokubai" limeundwa kwa alama ya kugusa na alama ya mpatanishi.

Nitapingwa kwamba mshenga ni mtu, na ngeli yake haiwezi kubeba metali. Pingamizi hilo lina uzito, na "kichocheo" kimekwisha kuota mizizi. Basi kibaki, ila fasili yake kamusini isiishie kwenye kuharakisha. Iseme kwamba ni kitu kinachoufungulia mmenyuko njia nyepesi zaidi, kinachoweza kuamua zao lipi litoke, kisha kikatoka kama kilivyoingia.